Ufito Mmoja, Paka Watatu

Kila siku inapokaribia adhana ya magharibi, ukumbi wetu hugeuka uwanja. Paka watatu ambao tangu adhuhuri walikuwa wamelala juu ya sakafu nyekundu ya saruji kama nguo zilizoanguka kutoka kambani huamka karibu kwa pamoja, hujinyoosha, hupiga miayo, kisha hunitazama. Hawanitazami kwa sababu ya chakula, kwa kuwa chakula huja baadaye na wao wanalijua hilo. Hunitazama kwa sababu ya ufito uliolazwa juu ya kabati, ambao nchani mwake nimefunga kipande cha ukili, yaani utepe uliosukwa kwa majani makavu, kilichobaki mama alipokuwa akishona mkeka. Kwa karibu mwaka mzima nilidhani kwamba kazi yangu ni kuushusha ufito huo, kuutikisa, na kuwaacha wafurahi pamoja. Nilikuwa nimekosea, na aliyelipia kosa hilo ni yule aliyekuwa mkimya kuliko wenzake.

Tunaishi mama na mimi katika ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani huku Mji wa Kale, Mombasa, nyumba yenye ukumbi mrefu na mwembamba, vyumba viwili vyenye milango mizito, na roshani inayotazama uchochoro. Mkubwa wa paka wetu ni Wanja, jike la miaka 9, ambaye mistari myeusi iliyo pembeni mwa macho yake humfanya aonekane daima kama anayejiandaa kwenda harusini. Wa pili ni Bofulo, dume la rangi ya machungwa mwenye miaka 4, aliyeokotwa akiwa mwembamba na ambaye jina lake, ambalo huku kwetu ni mkate, lilikuja baadaye, alipoanza kuumuka. Wa mwisho ni Kibiriti, dume la mwaka 1 na nusu, ambaye hahitaji maelezo zaidi ya jina lake. Wote watatu wamefungwa uzazi, jambo ambalo lilipunguza ugomvi lakini halikupunguza mbio. Siku Kibiriti alipoingia kwa kupitia roshani na kukataa kuondoka, mama aliamua papo hapo kwamba ameshakuwa wa nyumba, na paka wa nyumba haingwa. Sikubisha, ingawa methali hiyo haielezi mtu afanye nini wanapofika watatu.

Mchezo wetu wa zamani ulikuwa hivi: niliketi katikati ya ukumbi na kuuburura ukili sakafuni, Kibiriti aliurukia kabla haujasogea hata shubiri moja, Bofulo alifika nyuma yake na kumsukuma kwa uzito, kisha wawili hao wakabiringishana huku ukili ukiwa umesahauliwa chini yao. Wanja alikuwa juu ya kiti cha mwisho, karibu na ukuta, akitazama. Nilipomwelekezea ukili aligeuza uso. Mama alinionea huruma kwa juhudi zangu. Aliniambia, “Mwanangu, Wanja ni mtu mzima. Mwache akae na heshima yake.” Nami nikamwacha, nikiamini kwamba umri umemwondolea hamu.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, niliamka kunywa maji nikasikia kitu kikigonga sakafu ya ukumbini. Nilichungulia. Wanja alikuwa peke yake na kifuniko cha chupa ya soda. Alikitupa juu kwa miguu ya mbele, akakidaka, akakipiga teke kikaenda chini ya meza, akakifuata kwa tumbo, akatoka nacho mdomoni na kukitupa tena. Nilisimama pale labda dakika 5 bila kupumua sawasawa. Kisha Kibiriti alijitokeza mlangoni mwa chumba cha mama, akiwa bado na usingizi, hata hakuwa na nia mbaya; na Wanja akaacha kila kitu, akaketi, akaanza kulamba bega lake kama mtu aliyekuwa akisubiri gari. Kifuniko kilibaki pale. Niliporudi kitandani sikupata usingizi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba tulichokiita heshima ya mtu mzima kilikuwa ni kunyang'anywa.

Kuanzia kesho yake niliweka daftari. Kwa siku 14 niliandika ni nani aliyeugusa ukili, mara ngapi, na wenzake walikuwa wapi. Wanja aliugusa mara 3 tu, na mara zote 3 Kibiriti alikuwa nje roshanini akigombana na kunguru. Bofulo aliugusa mara nyingi, lakini karibu kila mara aliunyakua kutoka kwa mwenzake na si kwa kuuvizia mwenyewe. Daftari hilo halikunifundisha jambo ambalo macho yangu hayakuweza kuliona. Lilinizuia tu nisijidanganye.

Sababu ya hali hiyo iko katika asili ya mnyama mwenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, mnyama ambaye huwinda peke yake, kwa sababu mawindo yake ni panya, ndege na mijusi, na panya mmoja hatoshi kugawanywa. Watu hupenda kusema kwamba paka ni simba mdogo, lakini katika jambo hili hasa ndipo asipokuwa simba. Simba huweza kuzunguka nyati kwa kundi na kisha wakala pamoja, hata kama kwa kusukumana. Paka wawili hawana mpango wowote wa pamoja juu ya panya mmoja. Wanaweza kulala wakiwa wamekumbatiana, wakalambana vichwa, wakala sahani zikiwa karibu, na bado kila mmoja akawa mwindaji wa peke yake. Na mchezo wa ukili, kwa paka, ni uwindaji: kutazama, kunyatia, kujikunyata, kurukia, kuuma. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nikiwaletea wawindaji watatu panya mmoja, halafu nikishangaa kwamba mmoja wao amejitoa.

Nilisoma pia kuhusu majaribio yaliyofanywa Uingereza na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton pamoja na mwenzake Sarah Hall, yaliyochapishwa mwaka 1998 na 2002. Waligundua kwamba paka mwenye njaa hucheza kwa bidii zaidi kuliko aliyeshiba, na kwamba paka anayepewa kitu kilekile mara kwa mara huchoka nacho upesi, lakini akibadilishiwa baada ya muda mfupi hurudi mchezoni kwa nguvu kubwa kuliko mwanzo. Mambo hayo mawili yalibadilisha nyumba yetu kuliko kitu chochote ambacho ningeweza kununua dukani. Kwanza, mchezo ulihamia kabla ya chakula cha jioni. Pili, vitu vya kuchezea havikai tena sakafuni mchana kutwa: viko ndani ya kikapu chenye kifuniko, na hutoka kwa zamu. Leo ukili, kesho unyoya wa kuku uliofungwa kwenye chelewa, keshokutwa tonge la kumbi la nazi, ambalo Kibiriti hulipenda kwa sababu hushika kucha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonigharimu zaidi ya nauli ya kwenda kwa mjomba anayenipa kumbi.

Kuhusu saa ya kucheza sisi wa pwani tumependelewa. Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni, nyakati ambazo mawindo yake hutembea, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima. Anayeishi Ulaya hulazimika kufuatana na jioni inayokimbia huku na kule kwa saa kadhaa. Mimi nina adhana. Mwezi ambao mpango huvurugika ni Ramadhani, maana hakuna atakayeacha futari ili atikise ufito. Mwezi huo zamu zetu huanza baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, na kwa upande mwingine daku hutupatia zamu ya pili isiyo na gharama, kwa sababu watu wako macho na paka wako macho. Mchana wa kaskazi, hasa Februari na Machi, simsumbui yeyote. Paka anayehema kwa mdomo wazi katika joto lile hachezi, anaumia.

Ugumu ulikuwa katika kupanga zamu. Nilianza kwa adabu ya kibinadamu, mkubwa kwanza: nikamwingiza Wanja chumbani, nikafunga mlango, nikaanza kuburura ukili. Nje ya mlango Kibiriti alianza kulia na kukwaruza mbao kwa sauti ambayo jirani wa chini aliisikia, na Wanja akatumia zamu yake nzima kuutazama mlango. Siku tatu zilipita hivyo. Siku ya nne nikageuza mpango, na huo ndio tunaoufuata mpaka sasa. Kibiriti hutangulia, ukumbini, kwa mbio ndefu: ukili hutoka mwisho huu hadi mwisho ule, hupanda juu ya kiti, hushuka, hujificha nyuma ya mguu wa meza. Baada ya dakika 10 ulimi umeanza kuonekana, na mbio zinakuwa za kukaa na kupiga kwa mguu mmoja. Wakati huohuo Bofulo yuko jikoni akishughulika na trei ya mayai ambayo ndani ya vishimo vyake nimetia dagaa wakavu na kuvifunika kwa vipande vya karatasi. Mchezo wa Bofulo ni wa tumbo. Nilipoacha kumlazimisha kuwa mkimbiaji, sote wawili tulipumzika. Kibiriti akimaliza hupewa chakula chake cha jioni, naye Bofulo akiwa bado anatafuta dagaa wa mwisho, mimi huingia chumbani na Wanja.

Zamu ya Wanja haifanani na ya mwingine yeyote, na laiti ningelijua hilo mapema. Yeye hataki mbio. Hutandika leso juu ya busati, hapana, nimesema vibaya: mimi ndiye ninayetandika, yeye huja na kukaa pembeni kama aliyeitiwa kazi. Mimi huupitisha ukili chini ya leso polepole, kidogo kidogo, nikisimama mara kwa mara ili usikike ule mchakacho mdogo wa majani makavu. Anaweza kutazama kwa dakika 2 nzima bila kusogea, ncha tu ya mkia ikitikisika. Zamani ningesema hana hamu, nikaondoka. Sasa najua kwamba kutazama huko ndiko kucheza kwenyewe, na kwamba mwindaji mwenye miaka 9 anapima kwanza. Anaporuka, huruka mara moja, na huwa hakosi. Anafanya hivyo mara 4 au 5 kwa jioni, kisha anatembea hadi kwenye sahani yake.

Nimegundua kwamba watu wengi huupeleka ukili usoni mwa paka na kuutikisa pale, wakidhani wanamvutia. Panya gani huyo anayekwenda kumpiga paka puani? Mawindo hukimbia kutoka kwa mwindaji, hujificha, hukwama pembeni, na mwishoni hukamatwa. Hilo la mwisho lina uzito wake: kila zamu lazima imalizike kwa kukamata kitu chenye mwili, na baada yake chakula. Ndiyo maana vile vitochi vya mwanga mwekundu vinavyouzwa na wachuuzi sikuviweka ndani ya kikapu. Paka watatu wakiufukuza mwanga mmoja hakuna anayekamata chochote, na hasira ya kukosa humwendea aliye karibu.

Jambo jingine, nalo nililijifunza kwa hofu. Mama hudarizi kofia za viua, na uzi wake huwa mwingi mezani. Kibiriti alipokuwa na miezi 8 alimeza uzi mrefu ambao ncha yake ilibaki imejizungusha chini ya ulimi, na nilipotaka kuuvuta, jirani anayefuga paka kwa miaka mingi alinishika mkono. Uzi uliokwisha kuingia matumboni ukivutwa huweza kuyakata. Daktari wa mifugo alimpasua siku hiyohiyo, akapona, na tangu siku hiyo uzi, utepe, mpira wa kufungia pesa, na ufito wenyewe pamoja na ukili wake haviachwi nje hata kwa dakika moja baada ya zamu kumalizika. Katika nyumba yenye paka kadhaa hatari hii huongezeka, kwa sababu anayeshindana hukimbilia kumeza kabla hajanyang'anywa.

Swali ambalo wageni wetu huuliza zaidi ni kama Bofulo na Kibiriti wanapigana. Hapana. Wanapobiringishana hawatoi sauti, masikio yao yako mbele, kucha ziko ndani, na aliye juu sasa atakuwa chini baada ya muda mfupi. Wakiachana, mmoja hulala palepale na mwingine humrudia. Mwaka 2023 watafiti kutoka Slovakia na Uingereza walichapisha uchunguzi wa video 105 za paka wawili wawili, wakaona kwamba mieleka ya kimya huelekea upande wa mchezo, ilhali kelele na kufukuzana huelekea upande wa ugomvi, na kwamba kati ya pande hizo kuna kundi la tatu ambalo lina chembe za yote mawili. Kundi hilo la tatu ndilo lililonifungua macho, kwa kuwa Kibiriti alipokuwa akimfukuza Wanja kutoka kitini hadi chini ya kabati, sisi tulicheka tukisema wanacheza. Mmoja alikuwa akicheza. Aliyefukuzwa hakuwahi hata mara moja kugeuka na kuwa mfukuzaji, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa kuliko kingine chochote. Nikiona mbio za upande mmoja, sipigi kelele wala siingizi mkono. Hurusha tonge la kumbi upande wa pili wa ukumbi, na Kibiriti, ambaye kumbukumbu yake ni fupi, hubadilisha safari.

Palitokea pia usiku ambao nilidhani kazi yote imeharibika. Paka shume mmoja mwenye kichwa kikubwa alipanda juu ya paa la mabati la jirani, akasimama mkabala na dirisha letu na kuanza kuimba. Bofulo alimwona kupitia kimia, nywele zikamsimama, na kwa kuwa hakuweza kumfikia adui, alimgeukia aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa Wanja. Hapo palikuwa na sauti za kutosha. Niliwatenganisha kwa kuangusha mto kati yao, kila mmoja akalala chumba chake, na asubuhi Wanja alifoka alipoisikia tu harufu ya mwenzake mlangoni.

Tuliwaacha wakiwa wametengana kwa siku 5. Katika siku hizo nilichukua ukili mrefu, nikaupitisha chini ya mlango, ncha moja kwa Wanja na ncha ya pili kwa Bofulo, na nikawa nauvuta kidogo huku, kidogo kule. Siku ya kwanza hakuna aliyejali. Siku ya pili Bofulo alitia mguu wake mzito chini ya mlango akiutafuta. Siku ya tatu upande wa pili pakatokea mguu mweusi mwembamba, na miguu hiyo miwili ikawa inapigana na ukili uleule bila mmoja kumwona mwenzake. Siku ya sita tuliufungua mlango, mama akiwa na ufito mmoja upande huu na mimi na mwingine upande ule, kila paka na windo lake, umbali wa hatua nyingi kati yao. Walitazamana mara moja, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Dirisha lile sasa lina pazia zito nyakati za usiku.

Faida moja ambayo sikuitarajia ni mijusi kafiri. Zamani Kibiriti alikuwa akituletea mkia mmoja au miwili kila wiki, wakati mwingine juu ya mto wangu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha mwaka 2021 matokeo ya uchunguzi uliohusisha paka 355 katika nyumba 219 za kusini-magharibi mwa Uingereza, wakaona kwamba dakika 5 hadi 10 za mchezo kila siku zilipunguza kwa asilimia 25 idadi ya wanyama walioletwa nyumbani. Sijahesabu mijusi wetu, ila mto wangu ni safi.

Sidai kwamba tunatimiza zamu zote kila siku. Kukiwa na msiba au harusi mtaani, nyumba hujaa watu, na siku hizo trei ya mayai huwatosha wote watatu, kila mmoja na trei yake katika chumba chake. Mama, aliyenishauri nimwache Wanja na heshima yake, sasa ndiye anayenikumbusha saa, na amejitengenezea ufito wake mwenyewe wenye ukili mpana kuliko wangu.

Juzi mvua iliponyesha jioni na mlango wa chumbani ukavimba ukakataa kufungika, niliicheza zamu ya Kibiriti nikijua kwamba ya Wanja haitawezekana. Ukili ulikuwa ukipita karibu na kabati, Kibiriti akiwa ameketi anahema, pale mguu mweusi ulipotoka chini ya kiti cha mwisho na kuugandamiza sakafuni. Kibiriti aliinuka nusu. Mama, bila kuacha kudarizi, aliutikisa ufito wake upande wa pili wa ukumbi, naye akaufuata. Mimi niliulegeza wangu kabisa, na Wanja akauburura ukili pamoja na ufito wote hadi chini ya kiti.